Gofu na Magofu: Historia ya Kiwanja cha Nyasi Ikitazamwa kutoka Bunia

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili yanayoandikwa na kutamkwa sawasawa, ilhali hayana ujamaa wowote. La kwanza ni gofu la ngeli ya li-/ya-, lenye maana ya jengo lililobomoka na kuachwa, au mtu aliyekonda hata akabaki mifupa. Ndilo tulitumialo tusemapo magofu ya Gede au magofu ya Kilwa Kisiwani, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imelieleza kwa maana hizo. La pili ni gofu ya ngeli ya i-/zi-, jina la mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi utumbukie shimoni, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili hayachanganyi maneno haya, kwani upatanisho wa kisarufi humwongoza. Gofu likianguka, tunajua ni ukuta; gofu ikichezwa, tunajua ni mchezo.

Makala haya hayadai kwamba sadfa hii ya sauti ina siri ndani yake. Yanaitumia kama mlango wa kuingilia katika historia ambayo haijapewa nafasi kubwa katika maandishi ya Kiswahili, yaani historia ya kiwanja cha gofu katika miji yetu. Tunapotazama kiwanja hicho, macho yetu huona nyasi zilizonyolewa, miti michache na watu wachache wanaotembea polepole. Ni nadra kujiuliza ni kwa nini ardhi yote hiyo, katikati ya mji uliobanana, imebaki tupu, nani aliyeifanya iwe tupu, na nani anaruhusiwa kuingia.

Hoja ya makala ni kwamba katika miji ya Afrika ya Mashariki na Kongo, uwanja wa gofu haukuletwa kuwa mahali pa kuchezea tu. Uliletwa pia kuwa njia ya kutenga ardhi na kuidumisha katika utengo wake. Kwa hiyo swali linaloonekana dogo, la mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kucheza mzunguko mmoja karibu na kwake kwa bei anayoimudu, ni sehemu ya swali kubwa zaidi: ardhi ya wazi mjini ni mali ya nani? Tunaliuliza swali hili tukiwa tumesimama Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, kwa sababu ni mji ambao watu wake wanafahamu fika gharama ya kulijibu vibaya swali la ardhi.

2.0 Mchezo uliozaliwa katika ardhi ya wote

Yafaa tuanze na chimbuko la mchezo wenyewe, kwa kuwa dhana iliyoenea kwamba gofu ni mchezo wa matajiri tangu asili haina ukweli. Kumbukumbu ya kale inayotajwa zaidi ni sheria ya Bunge la Scotland ya mwaka 1457, wakati wa Mfalme James wa Pili, iliyopiga marufuku kandanda na gofu. Sababu ilikuwa kwamba vijana walikuwa wakiitumia siku yao katika michezo hiyo badala ya kujizoeza kulenga shabaha kwa upinde, na nchi ilihitaji wapiga mishale. Sheria hiyo inatufunza jambo moja: mchezo unaokatazwa kwa amri ya dola ni mchezo unaochezwa na watu wengi.

Mahali pa kuchezea palikuwa ukanda wa mchanga na nyasi kati ya bahari na mashamba, ardhi isiyofaa kwa kilimo. Katika mji wa St Andrews ardhi hiyo ilikuwa ya mji mzima. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia saini hati iliyotambua haki ya wakazi kuitumia kwa kuchezea gofu na kandanda, kulenga shabaha na kulishia mifugo. Wachezaji na kondoo walikuwa na haki moja.

Haki hiyo iliponea chupuchupu. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imezongwa na madeni, iliiuza ardhi hiyo, na wamiliki wapya wakaitumia kufugia sungura. Sungura wakachimba mashimo, wachezaji wakalalamika, wakazi wakawaua sungura, kesi zikaenda mahakamani. Mgogoro haukutulia hadi mwaka 1821, James Cheape, mwenye ardhi wa jirani, alipoinunua ili mchezo uendelee. Mwaka 1894 sheria ya Bunge iliirudisha ardhi hiyo chini ya mamlaka ya mji. Wakazi waliendelea kucheza bila malipo hadi mwaka 1946. Hata leo uwanja wa zamani wa St Andrews, unaotazamwa na wachezaji wa dunia nzima kama mahali patakatifu pa mchezo wao, hufungwa kwa wachezaji siku ya Jumapili kwa kawaida, na watu hutembea humo na watoto na mbwa wao. Njia ya umma inaukata, na mpita njia ana haki ya kupita.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kina mambo mawili tutakayoyahitaji mbele. Kwanza, ardhi ya wote huweza kupotea kwa saini moja ya halmashauri yenye njaa ya fedha. Pili, mchezo wenyewe hauhitaji ukuta. Ukuta ulijengwa baadaye, na ulijengwa mahali pengine.

3.0 Nyasi kama mpaka

Gofu iliingia Afrika ya Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza. Uwanja wa Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, ulianzishwa mwaka 1900 na huhesabiwa kuwa wa kwanza katika eneo hili. Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1906, wakati mji wenyewe haujatimiza miaka kumi tangu reli ifike. Kasi hii inashangaza. Maofisa waliokuwa bado wakiishi katika nyumba za mabati walikwisha kupima ardhi ya kuchezea. Tukitaka kuielewa kasi hiyo hatuna budi kutazama, pamoja na michezo, sera ya afya.

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, alithibitisha kwamba mbu ndiye mbebaji wa vimelea vya malaria. Ugunduzi huo mkubwa ungeweza kutumiwa kukausha madimbwi na kuwakinga watu wote. Katika makoloni mengi ulitumiwa pia kwa njia nyingine: ilidaiwa kwamba mbu huchukua vimelea kutoka kwa Waafrika, hasa watoto, na kuwapelekea Wazungu, na kwa kuwa mbu haruki mbali sana, basi dawa ni kuziweka nyumba mbalimbali. Profesa William Simpson, bingwa wa elimu ya usafi aliyetumwa Afrika ya Mashariki mwaka 1913, alipendekeza kuwe na ukanda wa ardhi isiyokaliwa, wenye upana usiopungua yadi 300, yaani takriban mita 270, kati ya makazi ya Wazungu na makazi ya Waasia na Waafrika.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ardhi tupu katika nchi ya mvua haibaki tupu yenyewe. Nyasi huota zikamfunika mtu, watu hujenga vibanda, wengine hulima mihogo. Kuiweka tupu kunahitaji mfyekaji wa kila siku, mlinzi na fedha. Klabu ya michezo ilikuwa jibu rahisi: iliifyeka ardhi, iliilinda, na wanachama wake waliilipia. Mpaka ukapata sura ya bustani.

Mifano si haba. Katika Léopoldville, Kinshasa ya leo, mji wa Wazungu ulikuwa kando ya mto na mji wa Waafrika ulikuwa kusini yake. Katika miaka ya 1930 ukanda uliowatenga, ambao Wabelgiji waliuita 'zone neutre', yaani ukanda usio wa upande wowote, ulijazwa bustani ya wanyama, bustani ya mimea na uwanja wa gofu. Jina hilo lilificha jambo, kwa sababu ukanda ulikuwa wa upande mmoja waziwazi. Mwafrika aliuvuka akienda kazini asubuhi, na usiku hakuruhusiwa kubaki upande wa pili bila kibali. Huko Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, pia ukanda mpana ulitenga mji na mitaa ya wafanyakazi. Leo Golf ni jina la mtaa mkubwa wa mji huo, na maelfu ya wakazi wake husema wanakwenda 'Golf' wakimaanisha nyumbani, ingawa hawajapata kushika fimbo ya mchezo huo. Mchezo umeondoka katika neno, mahali pakabaki.

Katika Dar es Salaam, Mnazi Mmoja ndio uliokuwa ukanda wa kutenga Uhindini na Kariakoo, na klabu yenye gofu ilikuwa upande wa Uzunguni. Katika Kampala uwanja wa gofu ulilala katika bonde la Kitante, kati ya vilima vya Nakasero na Kololo, mbali na Mengo kulikokuwa makao ya Kabaka na mji wa Waganda. Majina haya matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ni ushahidi wa kiisimu ambao mwanahistoria hapaswi kuupuuza. Lugha yetu iliusoma mpango wa mji na kuupa majina hata kabla ya mtu kuonyeshwa ramani.

Hata hivyo historia haikuishia hapo, wala ukanda haukutumika kama ulivyokusudiwa milele. Katika miaka ya 1950 mikutano ya TANU ilifanyika Mnazi Mmoja, na ardhi iliyotengwa ili watu wasikutane ikawa mahali walipokutania kudai uhuru wao. Mahali patupu hapana utii wa kudumu. Hutumikia makusudi ya yule anayeweza kuingia.

4.0 Waliobeba fimbo

Tusidhani kwamba Waafrika hawakuwemo katika viwanja hivyo. Walikuwemo tangu siku ya kwanza: wafyekaji, wamwagiliaji, walinzi na, zaidi ya wote, wabebaji wa fimbo walioitwa makedi. Kedi alitembea mzunguko mzima, mwendo wa kilomita sita hadi saba kwa mashimo 18, akiwa na mfuko begani. Alijua kila mteremko wa uwanja na alimshauri mchezaji fimbo ya kutumia. Mara nyingi alikuwa mjuzi wa mchezo kuliko bwana wake, lakini hakuwa na haki ya kupiga mpira.

Hivyo makedi wakajifunza pembeni. Walichonga fimbo kutoka katika matawi, wakaokota mipira iliyopotea vichakani, wakachimba mashimo yao nje ya ua. Kutoka shule hiyo isiyo na paa walitoka wengi wa wachezaji wa kulipwa wa eneo letu. Dismas Indiza wa Kenya, aliyepata kuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri wa kulipwa wa Afrika ya Mashariki, alianza kama kedi huko Mumias. Katika mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967 na kuwavutia wachezaji wa mataifa mengi, Jacob Okello alifika hadi mchuano wa kuvunja sare mwaka 1998 kabla ya kushindwa na Ricardo González wa Argentina.

Kisa kinachoeleza hali ya kedi kwa uchungu zaidi kinatoka Afrika ya Kusini. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, alikuwa mtu wa asili ya Kihindi aliyejifunza gofu akiwa kedi. Alishika fimbo kwa namna iliyo kinyume na inavyofundishwa, mkono wa kushoto ukiwa chini, na bado alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal katika jiji la Durban. Kwa sababu ya sheria za ubaguzi hakuruhusiwa kuingia katika jengo la klabu, akakabidhiwa kombe nje huku mvua ikinyesha. Picha yake akiwa amelowa ilienea duniani na kuongeza nguvu katika madai ya kuitenga Afrika ya Kusini katika michezo. Tunapozungumzia ukuta wa klabu, tunazungumzia ukuta ule uliomwacha bingwa nje akinyeshewa.

5.0 Bei ya mzunguko mmoja

Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondolewa katika viwanja vya Afrika ya Mashariki na Kongo. Palipokuwa na rangi pakaingia fedha. Utaratibu wa klabu ulibaki uleule: mwombaji apendekezwe na wanachama, alipe kiingilio, kisha alipe ada ya kila mwaka. Ofisa mwandamizi na mfanyabiashara wakachukua nafasi ya mkuu wa wilaya, na kedi akaendelea kuwa kedi.

Ni lazima tukiri kwamba sehemu ya gharama hiyo inatokana na mchezo wenyewe. Uwanja wa mashimo 18 huchukua takriban hekta 50 hadi 60 za ardhi. Uwanja wa kandanda wa kawaida hauzidi sana robo tatu ya hekta. Maana yake ni kwamba mahali wanapocheza watu wanne wanne kwa zamu, pangeweza kutoshea viwanja vya kandanda zaidi ya 70. Nyasi huhitaji kukatwa, maji na mbolea. Fimbo ni ghali, ingawa kanuni inayoruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14 haimlazimishi kubeba zaidi ya nne au tano, na za mkono wa pili hutosha.

Lakini gharama nyingine si ya nyasi, ni ya mlango. Tofauti kati ya kiwanja cha klabu na kiwanja cha umma haiko katika ubora wa ardhi. Iko katika jambo analolipia mchezaji. Katika klabu analipia haki ya kuwa ndani mwaka mzima, acheze asicheze. Katika kiwanja cha umma analipia mzunguko mmoja, kama abiria anavyolipia safari moja, kisha anakwenda zake. Mwalimu asiyemudu kiingilio cha klabu anaweza kumudu mzunguko mmoja kwa mwezi. Tofauti hii ya hesabu ndiyo inayoamua nani aitwe mchezaji.

Viwanja vya namna hiyo vipo, navyo havikupatikana kwa upole. Katika mji wa Atlanta, Marekani, viwanja vya manispaa vililipiwa kwa kodi ya wote lakini vilifungwa kwa watu weusi, hadi familia ya Holmes iliposhtaki na Mahakama Kuu ya nchi hiyo kutoa uamuzi wa kuwapendelea mwezi Novemba 1955. Huko Durban, mji uleule uliomwacha Papwa mvuani, uwanja wa gofu wa manispaa umepewa jina lake. Katika Nairobi, ndani ya uwanja wa mashindano ya farasi wa Ngong, kuna uwanja wa gofu ambapo asiye mwanachama huweza kulipia mzunguko wake. Kwa mkazi wa Bunia, miongoni mwa viwanja vilivyo karibu ni ule wa Fort Portal, wenye mashimo tisa chini ya milima ya Ruwenzori. Safari yake ni ile ya wafanyabiashara wa samaki: kuteremka hadi Kasenyi, kuvuka Ziwa Albert hadi Ntoroko, kisha barabara ya kupanda. Mashimo tisa ni nusu ya mzunguko kamili na huhitaji takriban nusu ya ardhi, na kwa miji midogo ndiyo desturi.

Inafaa kutaja kwamba viwanja hivi vya kwetu vilizaa hata kanuni zake. Huko Jinja, uwanja ulio karibu na Mto Naili, ilijulikana sana kanuni ya kumruhusu mchezaji kuondoa mpira wake bila adhabu ukitumbukia katika unyayo wa kiboko. Kanuni hiyo husimuliwa kama kichekesho, lakini ina hekima ndani yake. Inakubali kwamba uwanja si wa mchezaji peke yake. Kuna aliyekuwa akipita hapo kabla yake, naye ataendelea kupita.

6.0 Bunia na ardhi yake ya wazi

Sasa na turudi Bunia. Ituri iliingia katika uchumi wa kikoloni kwa mlango wa dhahabu, iliyogunduliwa Kilo mwaka 1903, na jina la migodi ya Kilo-Moto likavuma mbali. Pamoja na dhahabu yalikuja mashamba ya walowezi wa Kibelgiji, hasa katika nyanda za juu za Djugu, ambako hali ya hewa ni ya baridi na malisho ni mazuri. Baada ya uhuru, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya dola. Mwananchi hupewa konsesheni, yaani haki ya kuitumia kwa mkataba. Mashamba ya walowezi yaliingia mikononi mwa wachache waliojua njia ya ofisini, na wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo au kando yake wakajikuta wageni.

Mwaka 1999 mgogoro juu ya mipaka ya mashamba hayo katika Djugu uliwasha vita vilivyoendelea hadi mwaka 2003, vikachochewa na majeshi ya nje na wanasiasa wa ndani, na kuua makumi ya maelfu ya watu. Hatukusudii kuisimulia vita hiyo hapa. Tunataka tu msomaji aone kwamba katika Ituri, mtu anaposema 'naomba hekta 25 za nyasi', haombi jambo jepesi. Ardhi iliyozungushiwa ua na kuonekana tupu, huku jirani hana pa kulima, imekwisha kuleta msiba.

Aidha, Bunia inaijua ardhi ya wazi kwa maana nyingine. Mwezi Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka na makundi ya wanamgambo yakapigania mji, maelfu ya wakazi walikimbilia kwenye kituo cha Umoja wa Mataifa na eneo la uwanja wa ndege. Walilala juu ya nyasi na udongo hadi kikosi kilichoongozwa na Ufaransa kilipofika mwezi Juni kuulinda mji. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, machafuko yaliporejea Djugu, watu wengine waliingia Bunia kwa maelfu, na wengine wakavuka ziwa kwenda Uganda. Waliobaki walijenga vibanda vya turubai katika eneo la hospitali kuu, na baadaye kambi ya Kigonze ikawapokea wengi wao. Kiwanja cha wazi katika mji huu kimekuwa, zaidi ya mara moja, tofauti kati ya kufa na kupona.

Je, baada ya haya kuna maana yoyote ya kuzungumzia gofu Bunia? Wapo watakaosema hapana, na hoja yao ni nzito. Mji wenye waliohama makwao hauhitaji mchezo unaokula ardhi ya viwanja 35 vya kandanda kwa mashimo tisa tu. Tunaikubali hoja hiyo iwapo kiwanja kinachozungumziwa ni cha kurithi mfano wa klabu: ua, lango, mlinzi, na nyasi za wachache. Kiwanja cha namna hiyo kingekuwa konsesheni nyingine, na Ituri haina haja ya konsesheni nyingine.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesahau hati ya mwaka 1552. Mji unaokua kwa kasi kama Bunia hupoteza viwanja vyake vya wazi kimyakimya. Leo ni kiwanja cha watoto, kesho ni msingi wa nyumba, keshokutwa ni bohari. Katika sheria inayoifanya ardhi kuwa ya dola, kiwanja kisicho na matumizi yanayotambulikana kwa maandishi hakina mtetezi. Kinaweza kupotea kwa saini moja, kama ardhi ya St Andrews ilivyopotea mwaka 1797. Kinachokilinda ni matumizi ya watu wengi, wanaojulikana kuwa wanakitumia, wenye haki iliyoandikwa. Mpira wa miguu ni matumizi. Malisho ni matumizi. Njia ya mkato ya akina mama wanaokwenda sokoni ni matumizi. Hata gofu, ikichezwa juu ya ardhi hiyohiyo kwa mashimo machache, kwa fimbo za kuazima na ada ya mzunguko, bila ua na bila kumzuia mpita njia, huweza kuwa tumizi moja kati ya mengi. Hapo itakuwa imerudi katika asili yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mchezo wa gofu ulianza katika ardhi ya wote, ukaletwa katika miji yetu kutumikia sera ya kutenga watu, na baada ya uhuru ukabaki ndani ya ua kwa nguvu ya kiingilio. Pia yameonyesha kwamba kiwanja cha umma kinatofautiana na klabu kwa jambo moja la msingi: kinamtoza mtu kwa alichocheza, hakimtozi kwa kuwa mtu wa ndani. Pale ambapo viwanja vya namna hiyo vimekuwa vya watu wote, vilipiganiwa, aghalabu mahakamani, na wakati mwingine kwa fedheha ya watu kama Papwa Sewgolum aliyesimama mvuani na kombe mkononi.

Kwa watafiti wa Kiswahili ipo kazi ya kufanya. Majina ya viwanja vya wazi katika miji yetu, Mnazi Mmoja, Jangwani, Golf ya Lubumbashi na mengine, yanastahili kukusanywa na kuelezwa kabla watu wanaokumbuka asili yake hawajatutoka. Kila jina ni hati ya ardhi ambayo haikupigwa muhuri. Mji wa Bunia nao una majina yake, na wanafunzi wa vyuo vyake ndio wanaofaa kuyakusanya, kwa kuwaendea wazee wa mitaa na kuwauliza: hapa palikuwa pa nani, watu walicheza nini, na ni lini ua ulijengwa?

Tulianza na maneno mawili yasiyo na ujamaa. Katika historia ya miji, hata hivyo, gofu na gofu hukutana. Kiwanja kilichofungwa kwa ajili ya wachache, siku wachache hao wanapoondoka, hubaki magofu: jengo la klabu lisilo na paa na nyasi zilizomfunika mtu. Kiwanja kilichoachiwa wote hakina siku ya kuwa gofu, kwa kuwa daima yupo anayepita.